Tumesalimika au Tumeharibika?



 

Ndugu msomaji, baada ya tarawehe, wazee wakishakaa barazani na kahawa yao ya tangawizi, haipiti dakika kumi kabla mmoja wao hajasema, "Dunia imeharibika." Wengine wote humuitikia kana kwamba wanaitikia aamin. Zamani watu walikuwa wakilala milango wazi. Zamani mtoto wa jirani alikuwa mtoto wako. Zamani mtu akifiwa, mtaa mzima haukoki moto. Sasa hivi kila mtu na lake, na simu yake.

Ramadhani hii kulikuwa na kijana mmoja wa chuo kikuu pale barazani aliyejifanya anajua, akaamua kuwajibu wazee kwa hesabu. Kijana huyo ni mimi, sitaficha. Niliwaambia kwamba kwa hesabu zilizopo binadamu hajawahi kuwa salama kama alivyo leo. Nikataja chanjo, nikataja watoto wanaopona, nikataja magonjwa yaliyokwisha. Ami mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, kisha akaniuliza: "Na hao watoto waliopona, mwanangu, mbona hatuwaoni alfajiri msikitini?"

Barazani walicheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikwenda nyumbani bila jawabu, na makala hii ni matokeo ya kulitafuta. Nawaomba vijana wenzangu wanisome mpaka mwisho, kwa sababu nilianza nikiwa upande mmoja na sikumaliza pale pale nilipoanzia.

Tuanze na hesabu, maana haki lazima isemwe. Mwaka 2003, uchunguzi wa taifa wa hali ya afya ulionyesha kwamba hapa Kenya katika kila watoto 1000 wanaozaliwa, 115 walikuwa wakifariki kabla ya kufika miaka mitano. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2022 ulipata 41. Bado ni wengi, na kila mmoja ana mamake. Lakini tofauti ya 115 na 41 ni majeneza madogo 74 ambayo hayakubebwa, katika kila watoto elfu moja.

Nyanyangu alizaa tisa akalea watano. Nilipomuuliza kuhusu wale wanne, alinitajia majina yao mmoja mmoja bila kusita, na wakati alioondoka kila mmoja: huyu mfungo sita, yule mkesha wa Idi, huyu mwaka ule wa mvua kubwa. Hakulia. Alisema tu kwamba wakati ule ilikuwa hivyo kwa kila mtu. Na kweli ilikuwa hivyo kwa kila mtu, hata kwa mbora wa viumbe. Mtume wetu (S.A.W.) alijaaliwa watoto saba, na sita kati yao walifariki yeye akiwa hai. Ni Bi Fatima (R.A.) peke yake aliyebaki nyuma yake, naye akamfuata baada ya miezi michache. Sira tunayosoma madrasa inatupitisha hapo haraka sana, tukielekea kwenye vita na mikataba. Sisi vijana wa leo, wengi wetu hatujamzika ndugu mdogo. Hatujui ni kitu gani tumeepushwa nacho.

Sasa tuje kwenye milango wazi. Mimi nimezaliwa Mombasa na nimepita katika vichochoro vya Mji wa Kale maisha yangu yote. Ile milango yetu ya nakshi inayopigwa picha na watalii ni mbao nzito, mingine ina miiba ya shaba, na kwa ndani ina makomeo. Hakuna fundi anayepoteza miezi kuchonga mlango wa namna ile ili ukae wazi. Watu walikuwa na sababu ya kuogopa. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331, alilala usiku mmoja akawasifu watu wa Mombasa kwa dini yao, na akaeleza jinsi walivyokuwa wakinawa miguu kabla ya kuingia msikitini. Ni sifa nzuri na ni yetu. Lakini mji huo huo ulichomwa na Wareno mwaka 1505, ukachomwa tena 1528, ukavunjwa tena 1589. Na wakati Ngome ya Yesu ilipozingirwa, kuanzia 1696 mpaka 1698, waliokufa kwa njaa na maradhi mle ndani walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa upanga.

Halafu kuna swali ambalo barazani haliulizwi: usalama wa nani? Utumwa ulikuwa halali kisheria katika pwani yetu hii ya Kenya mpaka mwaka 1907. Mtu aliyebebwa kutoka bara, akauzwa, akalima shamba la minazi la mtu mwingine, hakulala mlango wazi kwa raha. Tukisema zamani ilikuwa njema, tunasema kwa mdomo wa mwenye nyumba.

Hapo ndipo nilipodhani nimemshinda Ami. Lakini kuna jambo lilinisumbua, nalo ni hili. Mtume (S.A.W.) ametwambia, katika hadithi iliyo ndani ya Bukhari, kwamba karne bora ni karne yake, kisha wanaofuatia, kisha wanaofuatia. Sisi tunaamini hivyo bila shaka. Sasa hebu tazama usalama wa karne hiyo bora. Sayyidna Umar (R.A.) alichomwa kisu akisalisha alfajiri, mwaka 644. Sayyidna Uthman (R.A.) aliuawa nyumbani kwake akiwa na msahafu, mwaka 656. Sayyidna Ali (R.A.) alipigwa upanga msikitini, ndani ya mwezi huu huu wa Ramadhani, mwaka 661. Makhalifa wanne waongofu, na watatu kati yao wameuawa. Leo raisi wa nchi ndogo kabisa anatembea na walinzi kuliko hao wote kwa pamoja.

Kwa hivyo karne bora haikuwa karne salama. Na hili linakata pande zote mbili. Linamkata anayesema, kama nilivyosema mimi, kwamba kwa kuwa tuko salama basi tumeendelea. Na linamkata anayedhani kwamba ubora wa watu wa zamani ulitokana na shida zao, kana kwamba ukimchapa mtu na njaa atakuwa sahaba. Jahiliyya pia ilikuwa na njaa na hatari, na haikutoa chochote ila kuzika watoto wa kike wakiwa hai.

Wala si kwamba kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mambo yalivyokuwa matulivu kwa Waislamu. Mwaka 317 Hijria, yaani 930, wakati Baghdad ina maktaba na matabibu na sisi leo tunauita wakati wa dhahabu, Makaramita waliingia Makka msimu wa hija, wakawaua mahujaji ndani ya Haram na kulibeba Jiwe Jeusi. Halikurudi mpaka 339 Hijria. Miaka 22 watu walitufu Kaaba isiyo na Jiwe. Tukisikia leo mahujaji wamecheleweshewa ndege tunasema ni dalili ya kiama!

Mzee mwenye elimu atanijibu kwa hadithi ya Anas bin Malik (R.A.). Watu walimwendea kumlalamikia dhulma za Hajjaj bin Yusuf, akawaambia wasubiri, kwani haujii wakati ila unaofuatia ni muovu zaidi, na kwamba aliyasikia hayo kwa Mtume (S.A.W.). Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari. Nami nilidhani hapo mjadala umefungwa. Lakini maulamaa wenyewe waliliona tatizo zamani. Baada ya Hajjaj kufa mwaka 714 alikuja Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala 717 mpaka 720, khalifa muadilifu ambaye hakuna anayemfananisha na Hajjaj. Vipi basi wakati wake uwe muovu zaidi? Ibn Hajar katika sherehe yake ya Bukhari ametaja kwamba Hasan al-Basri aliulizwa swali hilo, naye akajibu kwamba watu hawana budi kupata mahali pa kupumua. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba kinachokusudiwa si mavuno wala utawala kuwa mbaya, ni maulamaa kuondoka mmoja baada ya mmoja. Kwa hivyo hadithi hii haituambii kwamba kila kitu kinaoza. Inatutaka tutazame kitu maalum.

Na iko hadithi nyingine, hii imo katika Sahih Muslim, inayosema kwamba mtu akisema watu wameangamia, basi yeye ndiye aliyeangamia zaidi yao. Sikuwa na ujasiri wa kuisoma barazani.

Sasa nawaleta kwa mtu aliyenigeuza kidogo. Ni Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332, mwaka mmoja tu baada ya Ibn Battuta kupita hapa kwetu. Ukoo wake asili yake ni Hadhramaut, kama mababu wa wengi wetu hapa pwani, ila wao walielekea magharibi mpaka Andalus wakaishi Ishbilia, na mji huo ulipokaribia kuanguka mikononi mwa Wakastilia mwaka 1248 walivuka bahari kurudi Afrika. Alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi na lugha. Alipokuwa na miaka kama 16 tauni kubwa ikafika Tunis. Wazazi wake wote wawili walikufa, na waalimu wake wengi. Haya ninayaeleza kwa sababu tunapozungumza hatari, huyu si mtu wa kuhadithiwa. Baadaye alifungwa gerezani Fez karibu miaka miwili. Na mwaka 1384, alipokuwa ameshakuwa kadhi wa Kimaliki Cairo, jahazi lililokuwa likimletea mke na watoto wake lilizama karibu na Iskandaria.

Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliiandika Muqaddima yake katika miezi mitano. Mle ndani kuna fikra moja ambayo ndiyo jawabu la Ami, ila Ami hakuisema hivyo. Anasema watu wa mji wanapoteza ushujaa wao si kwa sababu ni waovu, bali kwa sababu wako salama. Wamemwachia mtawala na askari kazi ya kulinda roho na mali zao. Wana ukuta unaowazunguka. Hakuna sauti inayowashtua usiku. Wanaweka silaha chini, vizazi vinapita, na mwisho wanakuwa kama watoto katika nyumba ya mtu mwingine. Watu wa jangwani hawana ukuta, kwa hivyo kila mmoja ni ukuta wa mwenzake. Kile kinachowafunga pamoja anakiita asabiyya. Mimi nakielewa kama ule udugu wa kwamba ukipiga yowe usiku, watu watatoka.

Anaendelea kusema kwamba dola huishi kwa kawaida vizazi vitatu, kila kimoja miaka 40, na dalili yake kwa hiyo 40 ni Bani Israil kutangatanga jangwani miaka 40 mpaka kizazi kilichozoea utumwa kikaisha. Na heshima ya nyumba moja anaihesabu vizazi vinne: aliyeijenga, aliyemwona mjenzi, anayeiga tu, na wa nne ambaye anadhani heshima ilizaliwa naye, anaipoteza. Msomaji wa Mombasa hahitaji mfano wa wafalme hapo. Tunayajua maduka ambayo babu alianza na mkokoteni, na mjukuu ameyafunga. Tena watu wa Lamu na Pate walilijua hili bila kumsoma Ibn Khaldun. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akizitazama nyumba tupu za Pate, mji uliokuwa na fahari.

Lakini nisimsifu mpaka nikapitiliza. Mtu huyu aliyewasifu sana watu wa jangwani hakukaa jangwani. Alipomaliza rasimu yake alihitaji vitabu, na vitabu viko mjini, basi mwaka 1378 akarudi Tunis. Kisha akaenda Cairo, mji mkubwa kuliko yote aliyopata kuona, akabaki huko mpaka kufa. Na asabiyya yenyewe ina sura mbaya, ile ya jahiliyya, iliyokatazwa na Mtume (S.A.W.). Ibn Khaldun alijua hilo, akasema kinacholaumiwa ni ile inayosaidia batili. Sisi Wakenya tuliiona sura hiyo mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Kila upande uliita "watu wetu".

Kuna kisa kimoja katika Muqaddima nakipenda sana. Ibn Battuta aliporudi Fez na habari zake za India na kwingineko, watu wa ikulu walinong'ona kwamba ni muongo. Kijana Ibn Khaldun naye alikuwa na shaka. Waziri mmoja akamkanya kwa mfano: waziri fulani alifungwa miaka mingi pamoja na mwanawe mdogo, mtoto akakulia gerezani. Alipopata akili akauliza nyama wanayokula ni ya nini. Baba akamwambia ni ya kondoo, akaanza kumwelezea kondoo. Mtoto akauliza, "Yaani, baba, kama panya?" Kwa sababu mnyama pekee aliyewahi kumwona ni panya. Nilipokisoma nilifikiria barazani. Sisi vijana tunaambiwa kuhusu mtaa ambao yowe moja lilikuwa likiwatoa watu wote, na tunauliza, yaani kama kundi la WhatsApp? Na wazee wanaambiwa kuhusu watoto 74 katika elfu, nao pia wanauliza panya.

Ibn Khaldun alijaaliwa kuona nadharia yake kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 1400 alikwenda Damascus pamoja na jeshi la sultani wa Misri kumkabili Timur. Sultani akasikia fununu za fitna Cairo, akaondoka na jeshi lake usiku, akauacha mji na kuta zake. Mahakimu na wakubwa wa mji hawakuelewana, huyu anataka kufungua lango, huyu hataki. Mnamo Januari 1401 mzee huyu mwenye umri wa karibu miaka 70 aliteremshwa kwa kamba kutoka ukutani, akaenda kambini kwa Timur. Alimpelekea zawadi: msahafu, mswala, nakala ya Burda, ile ile Burda tunayoisoma sisi maulidini, na visanduku vinne vya halwa ya Cairo. Walizungumza siku nyingi, na moja ya mambo aliyomweleza ni hiyo hiyo asabiyya. Akapata usalama wake na wa baadhi ya wenzake. Mji haukupata. Damascus ilichukuliwa mali yake, ikachomwa, moto ukafika Msikiti wa Bani Umayya, na mafundi wake wakahamishwa Samarkand.

Ukuta ulikuwa mzima. Hicho ndicho kinachoniuma katika kisa hiki. Kilichokosekana ni watu wa ndani kuaminiana kwa muda wa wiki mbili tu.

Sasa nikitazama kwetu. Tuna magrili madirishani, geti, mlinzi, kamera. Familia nyingi zimehama mtaani kwenda maghorofani, na sisi wanafunzi Nairobi tunaishi vyumba vilivyopangana kama rafu za duka. Mwaka wangu wa kwanza, jirani wa mlango wa tatu kutoka kwangu aliugua siku nne ndani ya chumba chake. Kijana Muislamu, tunasali Ijumaa msikiti mmoja. Nilijua ameugua siku alipokuja kaka yake kutoka Garissa kumchukua. Jengo lilikuwa salama kabisa. Mlinzi hajawahi kusinzia pale. Nyanya nilipomhadithia aliniuliza mara mbili, "Siku nne? Na nyinyi mlikuwa mkila futari wapi?" maana ilikuwa Ramadhani. Sikuwa na hesabu ya kumjibu.

Hapa namkubali Ami. Ule udugu umepungua, na si kwa bahati mbaya. Watu walikuwa wakijuana kwa sababu walihitajiana. Mzazi asiye na hospitali anamhitaji mkunga wa mtaa. Asiye na polisi anahitaji mwenye nguvu wa jirani. Tulipopata hospitali na polisi na benki, tulimshukuru Allah, tukaacha kubisha hodi. Mtume (S.A.W.) alilitaja hili mapema. Mali ilipoletwa kutoka Bahrain na Ansari wakakusanyika alfajiri, aliwaambia kwamba hawaogopei ufukara, anawaogopea dunia kukunjuliwa kwao kama ilivyokunjuliwa kwa waliotangulia, wakaishindania.

Lakini siwezi kukubali kwamba dawa ni kuurudisha ukosefu wa usalama. Mtume huyo huyo (S.A.W.) alimbashiria Adi bin Hatim (R.A.) kwamba akiishi atamwona mwanamke akisafiri kutoka Hira mpaka akatufu Kaaba bila kumwogopa yeyote ila Allah, na Adi akaishi akaliona. Alilileta kama bishara njema. Na katika Surat Quraysh Allah anawahesabia Makureshi neema mbili, chakula baada ya njaa na amani baada ya khofu, kisha anawaamrisha wamuabudu Mola wa Nyumba hii. Amani haikutajwa kama ugonjwa. Imetajwa kama deni.

Na tusisahau kwamba usalama huu tunaouzungumzia haukugawiwa sawa. Mwaka 1995, katikati ya Ulaya iliyostaarabika, Srebrenica, zaidi ya wanaume na wavulana Waislamu 8,000 waliuawa katika siku chache, mahali palipotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo la usalama. Gaza tangu Oktoba 2023 kila mmoja wetu ameiona kwenye simu yake. Wanaoandika kwamba dunia imetulia waandike pia ni nani anayelipia utulivu huo.

Mwaka 2020 tulipata mtihani mdogo wa mambo yote mawili. Korona ilipoingia, misikiti ilifungwa, tukasali tarawehe sebuleni. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa, na Eastleigh kule Nairobi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri. Wiki zile ndizo nilizojua majina ya watu wa kichochoro chetu wote. Nyanya alikuwa akinituma na bakuli la uji wa mtama kwa mlango ule, na la tambi kwa mlango huu, na bakuli halirudi tupu. Ukuta ulikuwa wa serikali, lakini ndani yake watu walitoka. Kisha vizuizi vikaondolewa na polepole tukarudi kwenye mambo yetu. Sijui kama Ibn Khaldun angefurahi au angesema, "Si niliwaambia?"

Mtu wa mwisho ninayetaka mumjue ni jirani yetu wa Somalia, Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali Merca. Mwezi Oktoba 1977 lilikuja gari lenye watoto wawili wenye ndui, dereva haijui njia ya kambi ya wagonjwa, Maalin akapanda kuwaonyesha. Safari ya dakika chache. Yeye mwenyewe alikuwa hajachanjwa, alisema baadaye kwamba aliogopa sindano. Msichana mmoja katika wale wawili, wa miaka sita, alifariki. Maalin akaugua. Watu wa afya na wa mji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawatafuta wote waliokutana naye, wakawachanja, wakaweka ulinzi kwenye njia za kuingia mjini. Hakuna mwingine aliyeugua. Maalin akapona, na ndui, ambayo kwa karne nyingi iliua na kupofusha watu wa pwani yote hii, haikuonekana tena kwa njia ya kawaida popote duniani. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imekwisha.

Usalama ule haukushuka wenyewe. Uliletwa na watu waliobisha hodi.

Somalia ikaingia vitani tangu 1991, na Merca haikusalimika. Maalin akawa mtu wa kujitolea katika kampeni za polio, anakwenda kwa akina mama wanaokataa chanjo na kuwaambia kisa chake mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyeogopa sindano. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alitoka tena kwenda mitaani, akapatwa na malaria akiwa kazini. Alifariki mwezi wa Julai, ndani ya Ramadhani.